Safari ya Tivoli: Maji Yalitoka Wapi?

Ndugu Mhariri aliponiandikia kunitaka nitoe makala ya historia kwa ajili ya jarida la mkutano wetu wa mwaka huu, nilimjibu kwamba mimi si mwanahistoria. Nilikuwa fundi wa maji kwa muda wa miaka thelathini na moja, na tangu nistaafu shughuli yangu kubwa ni migomba. Akanijibu kwa mstari mmoja tu: "Andika habari za Italia." Naona habari za safari yangu zilifika kwake kabla yangu, kama ilivyo desturi ya wanafunzi wa zamani wa shule yetu.

Basi naandika. Lakini kwanza niwakumbushe wale wa rika langu jambo moja, nanyi vijana mlioko darasani sasa mtuvumilie. Mwalimu wetu wa Historia, yule aliyekuwa akiweka chaki nyuma ya sikio, alikuwa na swali moja alilomwuliza kila mwanafunzi aliyesimama kusifu mji au jumba lolote la kale. Usimame useme kwamba Kilwa palikuwa na Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14 lenye birika la pembe nane, yeye atakutazama juu ya miwani yake na kusema, "Vizuri. Na maji yalitoka wapi?" Darasa zima litacheka. Jibu hatukuwa nalo. Ila maji yetu wenyewe tulijua sana yalikotoka: yalitoka bondeni, kwa ndoo na madebe, kabla ya kengele ya kwanza, na kidato cha kwanza ndio waliokwenda mara mbili.

Mwezi wa Oktoba mwaka 2023 nilikwenda Roma kumwona binti yangu aliyekuwa masomoni huko. Alinitembeza makanisa na magofu mpaka miguu ikanivimba. Siku ya tano nikamwomba anipeleke Tivoli, kwa kuwa nilikuwa nimesoma kwamba huko ndiko walikojenga bustani yenye chemchemi hamsini na moja bila ya pampu hata moja. Alinitazama kwa huruma, lakini alikubali.

Tivoli ni mji mdogo ulio kiasi cha kilomita 30 mashariki ya Roma, mahali ambapo milima inakatika ghafla na uwanda wa Roma unaanza. Jina lake la kale ni Tibur. Mto Aniene unashuka kutoka milimani, unafika ukingoni mwa mji, halafu unaanguka. Karibu kila jambo lililotokea Tivoli kwa miaka elfu mbili limetokana na kuanguka huko kwa mto.

Tulipanda treni ya chini ya ardhi hadi Ponte Mammolo, kisha basi. Kabla ya kufika chini ya kilima hewa ilibadilika, ikanuka kama mayai viza. Nilidhani ni basi. Kumbe ni maji ya kiberiti ambayo Warumi wa kale walikuwa wakioga kwa ajili ya afya zao, na watu wanaoga humo hata leo. Kando ya barabara kuna machimbo makubwa ya mawe. Mawe hayo Warumi waliyaita mawe ya Tibur, na neno travertino linalotumika leo ni jina hilo hilo lililogeuzwa na ndimi za watu. Wale mliowahi kuona picha ya Koloseo, uwanja ule mkubwa wa michezo uliofunguliwa mwaka 80 B.K., ukuta wake wa nje ni mawe ya hapa. Kwa hiyo kabla mtu hajaingia Tivoli amekwisha kuuona mji huo huko Roma, bila ya kujua.

Tulianzia chini, uwandani, kwenye magofu ya Villa Adriana. Neno villa lisitudanganye. Kwetu siku hizi ni nyumba yenye geti na mbwa. Hii ya Kaisari Hadrian, aliyetawala Dola ya Kirumi tangu mwaka 117 hadi 138, ilikuwa na eneo la hekta 120 hivi: majumba, maktaba, mabafu makubwa, mahekalu, mabwawa, nyumba za wageni. Shule yetu pamoja na shamba la mahindi na viwanja vyote vya mpira ingeingia humo na kupotea.

Hadrian alikuwa msafiri. Zaidi ya nusu ya utawala wake aliimaliza njiani, akikagua majimbo ya dola yake tangu Uingereza hadi Misri. Alipokuwa nyumbani alipenda kukumbuka alikopita, na sehemu kadhaa za jumba lake zilipewa majina ya mahali mashuhuri pa Ugiriki na Misri. Mojawapo ni Canopus, jina la mji wa Misri karibu na Iskandaria. Ni bwawa refu, mita 119 kwa 18, lenye nguzo na sanamu zinazojitazama majini, na upande mmoja yupo mamba wa jiwe. Nakiri kwamba nilifurahi kumkuta mamba yule. Katika magofu yote niliyotembezwa, yeye peke yake ndiye niliyemfahamu tangu utotoni. Wengi wanaihusisha sehemu ile na msiba: mwaka 130 Hadrian alikuwa Misri pamoja na kijana aliyempenda sana, jina lake Antinous, na kijana huyo akafa maji katika mto Nili. Kaisari aliomboleza hata akajenga mji kwa jina lake na kuamuru asujudiwe kama mungu.

Sehemu nyingine iliyonishangaza ni kisiwa. Katikati ya majumba kuna ukuta wa duara, ndani yake mfereji wa maji wa duara, na ndani ya mfereji kisiwa chenye nyumba ndogo iliyokamilika, hata bafu. Zamani ilifikiwa kwa madaraja ya mbao yaliyoweza kuondolewa. Mtu aliyetawala nusu ya dunia iliyojulikana na Warumi ilimlazimu ajichimbie mfereji kujizunguka ili apate nafasi ya kukaa kimya.

Sasa swali la mwalimu. Wageni wengi hujiuliza kwa nini kaisari, mwenye uwezo wa kuchagua kilima chochote, alijenga chini. Sababu moja iliyo wazi kwa fundi ni kwamba mifereji mikuu minne iliyopeleka maji Roma ilipita jirani, kwenye miteremko ya Tivoli, juu ya mahali pale. Wa kwanza kati ya hiyo ulianza kujengwa mwaka 272 K.K. Ukijenga chini ya mfereji, maji yanakuja yenyewe kwa mserereko. Ukijenga juu yake, utayabeba. Hadrian, au msanifu wake, alijenga chini.

Lakini maji hayajipeleki bafuni wala hayajipashi moto. Upande mmoja wa uwanja mkubwa, chini kabisa, kuna safu ya vyumba vidogo vinavyoitwa Vyumba Mia. Ni vya ghorofa kadhaa, vimejengwa kushikilia kingo za uwanja ambao wakubwa walitembea juu yake wakizungumza. Havina marumaru wala picha za ukutani. Inadhaniwa kwamba humo ndimo walimolala watumishi, wengi wao watumwa, na vingine vilikuwa maghala. Isitoshe, chini ya ardhi kuna njia, nyingine pana kiasi cha kupitisha mikokoteni, zilizochongwa ili kuni, chakula na watu wa kazi wapite bila ya kuonekana na wageni wa juu. Nilikaa mbele ya Vyumba Mia kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote, na binti yangu akaenda kutafuta kivuli chini ya mizeituni.

Baada ya dola kuanguka, jumba liliachwa. Marumaru zake nyingi zilichomwa katika tanuu ili kupata chokaa. Wasomaji wa pwani mtaelewa: kwetu tunachoma matumbawe, wao walichoma sanamu.

Kutoka hapo tulipanda basi dogo hadi mjini juu, na hapo tukaruka miaka 1,400.

Mwaka 1550 Papa Julius III alimpa ugavana wa Tivoli Kardinali Ippolito d'Este. Huyu alikuwa mtoto wa Lucrezia Borgia, na mjukuu wa Papa Alexander VI. Mwenyewe alitamani sana upapa, akaugombea zaidi ya mara moja, asiupate. Alipofika Tivoli alikuta nyumba ya gavana ni makao ya zamani ya watawa Wabenedikto, nayo hakuiona kuwa ya hadhi yake. Akamwita Pirro Ligorio, msanifu na mchunguzi wa mambo ya kale. Ligorio alikuwa ameyapima na kuyachimbua magofu ya Hadrian, na alichokiona kizuri huko chini alikipandisha juu kwa kardinali: sanamu na marumaru. Hivyo anayetembea katika Villa d'Este anakanyaga pia mali ya Hadrian.

Bustani yenyewe imeshuka bondeni kwa matuta, ngazi juu ya ngazi, kama mashamba ya milimani kwetu. Ukisimama juu, chini yako ni miti mirefu ya misonobari na sauti ya maji kila upande. Ipo njia moja ya kiasi cha mita 100 ambayo ukuta wake wote unatoa maji kwa safu tatu. Huitwa Chemchemi Mia. Mwisho mmoja wa njia hiyo umewekwa mfano wa Tivoli na maporomoko yake, na mwisho wa pili mfano mdogo wa Roma, ili mgeni aelewe kwamba maji ya Roma yanatoka Tivoli. Kardinali aliyenyimwa Roma hakukosa la kuiambia Roma.

Mimi nilikuwa natazama chini na pembeni, nikitafuta mabomba.

"Baba," binti yangu akasema, "umekuja kuangalia bustani au umekuja kukagua?"

"Kukagua, mwanangu."

Na nilichokikagua ni hiki, nanyi wa kidato cha tatu mkichukue kwa somo la Fizikia. Mafundi wa kardinali walitoboa mfereji chini ya mji, chini ya nyumba za watu, kutoka mto Aniene mpaka juu ya bustani. Mto uko juu kuliko bustani. Kila mita 10 za kimo cha maji huzaa shinikizo linalokaribia lile la hewa yote iliyo juu yetu. Kwa hiyo ukiyafunga maji ndani ya bomba kule juu na kuyafungulia tundu dogo huku chini, yataruka yakitafuta kurudi kwenye kimo yalichotoka, na yatakaribia kufika. Chemchemi 51, mabeseni 220, mirusho 364, yote yanafanya kazi kwa kanuni hiyo moja tangu karne ya 16. Mlinzi wa usiku haamki kuwasha mashine. Ipo hata chemchemi yenye kinanda. Maji yanapoporomoka ndani ya shimo huvuta hewa pamoja nayo. Hewa hiyo hutengwa katika chumba na kusukumwa kwenye filimbi, wakati maji yenyewe yanazungusha gurudumu la kuchagua sauti. Kilinyamaza kwa muda mrefu, kikatengenezwa na kuanza kupiga tena mwaka 2003. Tulikingoja pamoja na wageni wengine, na kilipoanza nilivua kofia. Binti yangu aliona haya kidogo.

Baadaye bustani ilipita mikononi mwa wengi, ikaharibika, ikatengenezwa; baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikawa mali ya serikali ya Italia, na mwaka 1944 ikapigwa na mabomu. Hayo msomaji anaweza kuyapata kwingine. Mimi nataka kurudi nyuma kidogo.

Bonde lile kabla ya bustani liliitwa Valle Gaudente, yaani Bonde lenye Furaha, na lilikuwa na wenyewe. Palikuwa na nyumba, mashamba na vichochoro. Kardinali alinunua, akabomoa, akajaza kifusi. Wakazi walikataa. Kesi zipatazo 12 zilifunguliwa dhidi yake. Kazi haikusimama. Kardinali alifariki mwaka 1572 bustani ikiwa karibu kwisha, na majina ya washtaki hayamo katika kitabu kidogo nilichonunua mlangoni.

Niliposoma habari za kesi hizo, nimeketi kwenye ukingo wa beseni moja, nilikumbuka jambo langu mwenyewe ambalo sijawahi kuliandika.

Wengi mnajua kwamba maji ya bomba yaliingia shuleni mwaka 1987, na kwamba aliyesimamia mradi ule ni mimi. Kwenye tenki la jikoni kuna kibao chenye mwaka wa darasa letu. Kila mkutano kuna mtu anayesimama na kunipigia makofi, na wazee wanakumbuka ndoo. Ulikuwa mradi wa mserereko: banio kwenye chemchemi ya kitongoji kilichoko juu yetu mlimani, tenki la kwanza pale pale, halafu bomba la kilomita nne hadi shuleni. Kazi safi, na bado inafanya kazi.

Tulipokuwa tunajenga banio, akina mama watatu na mzee mmoja walikuja kambini. Mzee aliniambia, "Mwanangu, sisi tutateka wapi?" Nilimjibu kwa heshima kwamba watateka maji yatakayofurika kutoka kwenye tenki. Katika fomu ya mradi palikuwa na mstari wa malalamiko ya wakazi. Nilijaza: "Hakuna." Nilijua, kama fundi yeyote anavyojua, kwamba wakati wa kiangazi tenki lile halitafurika. Lakini nilikuwa kijana, nilikuwa najenga maji ya shule yangu, na nilikumbuka madebe.

Kule Tivoli hawakujaza "Hakuna." Kesi ziliandikwa, ndiyo maana hata mgeni kama mimi aliweza kuzisoma baada ya zaidi ya miaka 400.

Jioni ile tulimalizia upande wa pili wa mji, kwenye genge. Mto wenyewe nao uliwahi kudai haki yake. Mwezi wa Novemba 1826 Aniene ulifurika ukabomoa ukingo na kuchukua nyumba nyingi pamoja na kanisa. Ikaonekana kwamba mji wote unaweza kwenda. Kati ya mwaka 1832 na 1835, wakati wa Papa Gregory XVI, mahandaki mawili yalitobolewa katika mlima wa jirani na mto ukageuzwa kupita humo. Sasa unaangukia mbali na nyumba, kiasi cha mita 120 kwenda chini. Bonde la zamani likapandwa miti na kuitwa Villa Gregoriana. Juu ya genge limebaki hekalu la duara la kabla ya Kristo, nguzo 10 kati ya 18 zikiwa bado zimesimama, nalo limeyaona yote hayo. Mwaka 1892 nguvu ya maporomoko hayo ilianza kupelekwa Roma kwa nyaya, zaidi ya kilomita 25, ikawasha taa za mji. Ilikuwa miongoni mwa kazi za kwanza duniani za kusafirisha umeme mbali namna ile. Tibur ilikuwa imeipa Roma mawe, ikaipa maji, ikamalizia na mwanga.

Ndani ya basi, tukirudi, binti yangu aliniuliza kwa nini nimenyamaza. Nikamweleza habari za banio. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Baba, hiyo chemchemi bado ipo?"

Niliporudi nyumbani nilipanda mlimani kwenda kutazama. Yule mzee amekwisha kufariki. Bintiye, ambaye sasa ni bibi, ndiye aliyenionyesha njia, maana nyasi zilikuwa zimeifunika. Wakati wa kiangazi wanateka kijito cha upande wa pili, mwendo wa dakika arobaini. Nilipima maji ya chemchemi mwezi wa Septemba, yakiwa machache kabisa: ndoo ya lita 20 inajaa kwa sekunde 14. Yanatosha shule na kitongoji. Kutoka tenki la kwanza hadi uwanja wa kitongoji ni mita 340, mteremko mtupu, pampu haihitajiki.

Nimemwandikia Ndugu Katibu aliweke jambo hili katika ajenda ya mkutano, baada ya hesabu za fedha na kabla ya chakula. Bomba na koki nitanunua mimi. Kwa kuchimba mtaro naomba kidato cha tatu, pamoja na wale wa rika langu ambao migongo bado ni mizima. Majembe yaletwe siku ya Jumamosi asubuhi. Na yule bibi nimemwomba ahudhurie mkutano aseme mwenyewe, ili safari hii maneno yao yaandikwe katika kumbukumbu kama yalivyosemwa.